Gari Linalosikia Kiswahili

Baridi yangu ya kwanza hapa Joburg nilichukua birika jikoni, nikamwagia maji ya moto kioo cha mbele cha gari, nikajisifu kwa akili zangu. Kioo kikalia ta! kikapasuka kutoka pembe hadi pembe. Mtu aliyezaliwa Kalemie, kando ya ziwa, angejuaje kwamba barafu haitaki haraka? Tangu siku hiyo nakwangua kwa kadi kuukuu ya benki, na kazi iliyobaki naiachia injini.

Lakini injini nayo haiachwi peke yake. Gari linalonguruma bila mtu kwenye mitaa ya Rosettenville si lako tena. Ukiingia ndani mara moja kuchukua mkoba, ukitoka unakuta alama za matairi. Kwa hiyo kila asubuhi ya Juni na Julai, miezi ya baridi huku, kabla sijampeleka binti yangu shuleni na kwenda kufungua saluni, tulikaa garini wawili, tumejifunika blanketi moja, tukingoja lipate moto.

Mwaka jana nilikuwa na jambo moyoni. Mama yangu, huko Kalemie, alikuwa ameacha kuona. Zamani tulipompigia Jumapili alitosheka kumwona mjukuu wake kwenye simu akicheka. Sasa ilibaki sauti tu, na mjukuu mwenyewe, wa miaka sita, mzaliwa wa hapa, anaelewa Kiswahili chote lakini ulimi wake ni wa Kizungu na Kizulu. Kwetu nyanya tunamwita koko. Binti yangu alikuwa anasema, "Hello, Koko," kisha kimya. Jumapili moja mama akauliza, "Huyu mutoto ni wa nani?" Hakuwa anatania. Iliniuma sana. Wala sikuweza kumpeleka binti kwa mama amshike kwa mikono, maana karatasi zangu za ukimbizi haziniruhusu kwenda nyumbani na kurudi.

Basi asubuhi moja binti akauliza, kwa Kizungu, mbona gari linachelewa. Nikamdanganya. "Hii gari inasikia Kiswahili tu," nikamwambia. "Usipoisemesha, haipate moto." Gari lenyewe limetoka Japani, Mungu anisamehe.

Alinitazama kwa jicho la pembeni, jicho la baba yake. Kisha akainamia usukani akanong'ona, "Gari, amuka." Punde mshale wa joto ukasogea kidogo. Macho yalimtoka!

Kuanzia hapo maswali hayakuisha. Barafu inatoka wapi na mvua haikunyesha? Juu ya nini moshi wa mdomo hauna harufu? Gari ikipata moto, baridi inakimbilia wapi? Nami nilikuwa sijui. Nilimuuliza mteja wangu mmoja, mwalimu, nikiwa namsuka, akaniambia hewa yenyewe ina maji, usiku yanaganda kwenye kioo. Kesho yake tukapuliza pumzi kwenye kioo, mimi na binti, tukayaona maji kwa macho yetu. Siku nyingine nilisahau kabisa kwamba tunangoja kitu.

Jirani yetu Mrundi, mlinzi wa ofisi kule Randburg, alikuwa anarudi zamu ya usiku saa hizo. Asubuhi moja aligonga dirisha.

"Dada, gari za siku hizi haziombi kungojwa hivi," akasema. "Washa, hesabu mpaka thelathini, uende polepole. Unachoma petroli bure."

"Asante, kaka," nikamjibu, nikapandisha kioo, nikaendelea kuchoma petroli. Alibaki amesimama pale akitushangaa, na sikumlaumu.

Jumapili ikafika. Tulipompigia mama, nikampa binti simu. Midomo yake ikafunguka, ikafungika. Nilimwona anahangaika, nikataka kuichukua. Ghafla akaenda mlangoni akachukua funguo za gari.

"Mama, tuende ku gari."

Tukatoka na ndara miguuni. Nikawasha. Hapo mtoto akafunguka: barafu, blanketi, jino lililong'oka, mwalimu mkali, kaka mlinzi anayegonga dirisha. Koko akawa anacheka, anauliza, anajibiwa. Mimi nilishika usukani kwa mikono miwili kama niko barabarani, machozi yananitoka bila aibu.

Kisha mama akatega sikio. Tangu macho yamwache, masikio yake hayapitwi na kitu.

"Niko nasikia moteri," akasema. "Munakuya huku?"

Binti akanigeukia. Aliyaona machozi yangu. Akairudisha simu mdomoni.

"Bado, Koko. Gari iko baridi."

"Aya," mama akasema. "Muiache ipate moto. Niko nawangoja."