Gari ya Mjomba na Mwendo wa Bwana Harusi

Nilipoposa mara ya kwanza, baba wa binti alinikataa kwa neno moja: papara. Alisema kijana anayetembea kama anafukuzwa hawezi kukaa na mke. Mwaka uliofuata niliposa tena, akanikubali kwa shingo upande, na tangu hapo nikawa napita Forodhani kama mzee mwenye baridi yabisi. Ulibaki mtihani wa harusi yenyewe. Nikishaozwa msikitini mjini, nipelekwe kwa bibi harusi Kiembe Samaki kwa gari, na kutoka njia panda mpaka mlangoni gari iifuate ngoma ya beni polepole, watu wanione nilivyotulia.

Gari ilikuwa ya mjomba wangu. Ikienda kasi ilikuwa laini kabisa. Ikipunguza mwendo ilishtukashtuka na kutetemeka kama mtu mwenye kwikwi.

Miaka ile baada ya Mapinduzi spea zilikuwa adimu, lakini mafundi wa barazani walikuwa tele. Muuza kahawa alisema plagi. Mwalimu wa Kurani wa chuoni alisema petroli imeingia maji. Jirani yetu Mhindi, ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, alisema klachi, tena kwa masikitiko. Mjomba aliwatii wote, na kila baada ya tiba alitupakia tukaijaribu barabara ya uwanja wa ndege. Huko alikanyaga mafuta mpaka upepo ukatuvua kofia. Kila mara tulirudi tukishangilia kuwa imepona.

"Mjomba," nikamwambia, "hebu tuijaribu polepole. Ugonjwa wake uko huko."

"Nani anojaribu gari kwa mwendo wa jeneza?" akanijibu. "Watu watasema haijapona."

Siku ya harusi, pale njia panda, beni ikatangulia, gari ikafuata, na kwikwi ikaanza. Kilemba kikaniangukia machoni. Nikakirudisha, kikaanguka tena. Watu wakaanza kucheka. Mjomba, kwa kunihurumia, akatumia dawa pekee aliyoiamini: akakanyaga mafuta. Tukaipita beni, tukawapita wazee wa pande zote mbili, tukafunga breki mbele ya nyumba kwa kishindo.

Baba mkwe alikuwa nje na fulana na kikoi, bado anapanga viti. Aliniangalia mimi, kisha akaitazama njia ambako ngoma ilisikika kwa mbali. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mrejesheni," akawaambia wanawe. "Aje tena. Na hiyo injini izimwe."

Shemeji zangu wakatusukuma mpaka njia panda, wakatusukuma tena kurudi nyuma ya beni. Injini ikiwa imezimwa, gari ilikwenda kwa upole ambao hatukupata kuuona. Baba mkwe, sasa amevaa kanzu na koti, alinipokea kwa mikono miwili na kunisifia utulivu.

Baadaye mjomba aliifungua kabureta, akakuta taka zimeziba kitundu kinacholisha injini ikienda polepole. Akasema alijua tangu mwanzo.

Lakini jioni ile, nilipoingizwa chumbani, nilikuwa nimeiweka tayari sura yangu ya utulivu. Nikatoa salamu kwa sauti nzito. Mke wangu akaitikia, akicheka ndani ya ushungi.

"Nlikuwa dirishani," akasema. "Nimekuona mara zote mbili. Ile ya mwanzo ndo nloipenda."