Shati Jeusi Lililonipeleka Juba

Nilikwenda Juba kwa sababu niliogopa kwamba shati nililouza mimi litaua mtu.

Mimi ni fundi wa nguo mjini Kitale, na wateja wangu huniita Mama Kiprop. Kwa miaka mingi nimekuwa nikichambua marobota ya mitumba, nikitoa nguo za gofu, nikipunguza kiuno hapa na kurekebisha mikono pale, kisha nikiwauzia wachezaji wa kwetu. Mteja wangu mmoja, ambaye nilimjua kwa simu tu, alikuwa Mhandisi Taban, mtu wa Juba aliyekulia ukimbizini Uganda na kujifunza gofu huko. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi alirudi kwao akapata kazi ya barabara. Yeye na wenzake wachache wakajifyekea kiwanja ng'ambo ya mto, upande wa Gumbo. Nilimtumia furushi la nguo. Kosa langu ni kwamba nilizichagua nikitazama mawingu ya Kitale, ambako mchezaji hutoka asubuhi na sweta, na saa sita bado anavumilia shati zito.

Jumatatu moja simu ikalia. "Mama Kiprop, mzee Lado, mwenzetu wa gofu, ameanguka kiwanjani," Taban alisema. "Ngozi ilikuwa moto kama sufuria, kavu, hakuna hata jasho. Alikuwa amevaa lile shati jeusi la furushi lako."

"Yuko hai?"

Laini ikakatika. Nilikaa na ile simu mkononi karibu saa nzima, cherehani imenyamaza, hadi alipopatikana tena. Mzee alikuwa hai. Lakini alikataa kuvaa nguo nyingine yoyote, na Jumamosi alitaka kucheza tena na shati lile lile. "Tumemwambia, hasikii," Taban alisema. "Njoo uone jua letu mwenyewe. Labda atakusikia wewe fundi."

Jumanne nikafunga mfuko. Nilitia mashati mepesi ya mikono mirefu, mengi meupe, kofia zenye ukingo mpana, taulo ndogo za kulowesha maji, glavu za akiba kwa mikono inayotoa jasho, na viatu vyenye vijinundu vya mpira chini. Kwa ajili ya mvua nilichukua makoti mawili mepesi sana, yasiyopitisha maji na yasiyobana pumzi. Yalikuwa na madoadoa ya kijani na kahawia. Sikuyatazama rangi, nilitazama ubora wake tu.

Alhamisi alfajiri nilikuwa Nimule, mpakani, baada ya kupita Kampala na Gulu. Taban alikuwa amenitafutia dereva, Mganda aitwaye Okello, aliyekuwa akipeleka mchele na sabuni Juba kila wiki. Alikuwa mcheshi hadi tulipouacha mji. Baada ya hapo akawa anatazama mbele tu. Barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na kando yake, kila baada ya mwendo kidogo, kulikuwa na vibao vyenye picha ya fuvu la kichwa.

Saa tatu hivi nilimwomba asimame nijisaidie. Nilifungua mlango nikaelekea kwenye kichaka.

"Mama! Simama hapo hapo!" Okello alipiga kelele kwa sauti ambayo sikuijua. "Usitoke barabara. Chini iko mabomu. Hapa watu walikufa juu ya kukojoa tu. Enda nyuma ya gari, mimi iko naangalia mbele."

Nilirudi nikachuchumaa nyuma ya gari kama alivyosema, katikati ya barabara. Tangu hapo sikuomba kusimama tena.

Saa tisa alasiri tulifika Gumbo. Daraja la Juba lilikuwa mbele yetu na mto chini yake ukienda kasi. Wanajeshi walitusimamisha ili wapekue mizigo. Mmoja, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya vumbi, alifungua mfuko wangu akatoa shati jeupe, akatoa kofia, halafu akavuta lile koti la madoadoa. Akaliinua juu.

"De shunu?" aliuliza. Hiki ni nini? Kisha kwa Kiswahili: "Wewe iko askari ya nani?"

"Mimi ni fundi, ndugu yangu. Ni koti la mvua. La kuchezea gofu."

"Gofu iko jeshi gani?"

Okello alitazama usukani. Mwanajeshi akanitupia koti. "Vaa."

Nikavaa. Nikafunga zipu hadi juu. Nilipoinua uso, yule kijana alikuwa amerudi nyuma hatua mbili na bunduki yake ilikuwa imepanda kifuani, na hapo ndipo nilipoelewa ninavyoonekana. Kumbe ninaweza kufia hapa, mbali na kwetu, kwa sababu ya koti nililolisifu mwenyewe.

Okello, kwa sauti ndogo, aliomba apige simu. Tulikaa juani nusu saa, mimi nikiwa bado ndani ya lile koti, nisithubutu kulivua. Kisha likaja gari jeupe. Akashuka mtu mnene wa miwani, na sauti yake ikanijulisha kuwa ni Taban. Nyuma yake alishuka mzee mwembamba, mrefu sana, ndani ya shati jeusi lililofungwa vifungo hadi shingoni. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

Mzee Lado alizungumza na mwanajeshi kwa Kiarabu cha Juba, polepole, kama mtu anayemwongelesha mtoto wa dada yake. Baadaye akanigeukia. "Amekubali, dada. Lakini hii nguo haitavuka mto. Toa makasi."

Niliyakata makoti yote mawili pale kando ya barabara, mikono, mgongo, kofia, hadi yakawa vitambaa visivyomfaa mtu. Mwanajeshi alihesabu vipande kwa macho, akatupungia tupite.

Ijumaa asubuhi niliamka Buluk, mtaa wa Juba, nyumbani kwa dada yake Taban, Mama Keji, naye pia alirudi kutoka Uganda. Alikuwa na cherehani ya mkono na uvumilivu mwingi. Saa mbili jua lilikuwa tayari linauma shingo, na nikaelewa kwa nini shati langu lilimwangusha mtu. Mzee Lado alikuja kupimwa kwa sababu tu Mama Keji alimwita kwa chai.

Nilimtandikia shati jeupe mezani. Kitambaa chepesi, ukiweka mkono ndani unauona. Nikamweleza kwamba jeusi hunywa joto, kwamba jeupe hulirudisha, kwamba mikono mirefu iliyolegea ni bora kuliko ngozi wazi.

"Nasikia," alisema. Hakuligusa.

"Basi lijaribu tu, mzee."

"Siwezi."

"Ni kubwa? Nitalipunguza."

Mama Keji aliacha kumimina chai. Kisha mzee akasema, akitazama lile shati na si mimi: "Wakati ya vita, ndege ya mabomu ilikuwa inakuja juu. Ile inaona nyeupe kutoka mbali. Mama moja alianika shuka ya mtoto. Nyeupe. Sisi tulikuwa chini ya miti, wengi. Bomu ikaanguka, tukabaki wachache." Akasogeza kikombe. "Toka siku ile mimi sivai nyeupe mahali wazi. Nataka, lakini mkono inakataa."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu ya joto na kitambaa tu. Nililikunja lile shati nikaliweka chini ya meza asilione tena. Nyekundu, inayoonekana mbali pia, hangeitaka, na kijani mimi mwenyewe nilikuwa nimeikoma darajani. Nilipekua mfuko hadi chini nikapata moja la rangi ya majivu, jepesi kama yale meupe.

Alilishika. Alilipeleka hadi mlangoni, akaliweka juu ya udongo wa uani, akarudi nyuma akalitazama kwa mbali, akainama, akalitazama tena.

"Hii," alisema.

Nilishona mchana kutwa. Nililegeza kwapa, nikatoboa vitundu vya hewa mgongoni, nikarefusha kola ifunike shingo. Nilimpa pia vile viatu vyenye vijinundu vya mpira. Mvua ilinyesha usiku ule, nami nililala vibaya.

Jumamosi saa moja asubuhi tulivuka daraja kurudi Gumbo. Kiwanja chenyewe kilikuwa na mashimo sita tu, na mahali pa kuusukumia mpira shimoni palikuwa mchanga uliosawazishwa. Pembeni mwote mwa kiwanja kulikuwa na mawe yaliyopakwa rangi. Taban alinionyesha kabla sijapiga hatua. "Mawe meupe, ardhi imesafishwa mabomu. Mawe mekundu, bado. Mpira ukivuka mekundu, tunausamehe. Hata kama ni mpya."

Nilitembea katikati kabisa, nyuma ya mzee Lado, nimebeba chupa za maji na taulo zilizolowa. Ardhi ilikuwa laini kwa ile mvua. Alicheza vizuri. Katika shimo la tatu jasho lilikuwa likimtoka usoni, nami nikamshukuru Mungu kwa lile jasho. Alinigeukia akasema, "Hewa inapita mgongoni," na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Tulikuwa shimo la tano niliposikia ngurumo. Ilikuwa ndege ya mizigo ikishuka kuelekea uwanja wa ndege, chini mno, tumbo lake pana likipita juu yetu. Niliitazama kwa sekunde moja tu. Niliposhusha macho, mzee Lado hakuwepo mbele yangu. Fimbo yake ilikuwa chini. Yeye alikuwa anakimbia ameinama, anakimbilia miti, na miti ilikuwa ng'ambo ya mawe mekundu.

"Lado! Lado!" Taban alipiga kelele, lakini ile ngurumo iliimeza sauti yake.

Aliyaruka mawe. Hatua moja, mbili, nane, kumi. Ndege ikapita. Ndipo alipotusikia, akasimama, akatazama chini, akaona alipo.

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kusali kwa Kibari, lugha yao. Mzee alisimama mguu mmoja mbele, mikono imekakamaa, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Alianza kugeuka upande.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu, hatua tano kutoka kwenye mawe, nikamwita polepole asije akashtuka. "Mzee, usigeuze miguu. Tazama nyuma yako, chini. Viatu nilivyokupa vimeacha alama."

Zilikuwepo. Vile vijinundu vya mpira vilikuwa vimechapa udongo laini, kila hatua na vitundu vyake, wazi kama mshono.

"Naona," alisema.

"Weka kidole cha mguu pale pale. Moja."

Alirudi kinyumenyume, akichungulia chini begani, nami nikimhesabia. Kati ya hatua ya nne na ya tano kulikuwa na majani, na alama hazikuonekana. Alikaa hapo muda ambao sijui niuiteje. Shati la majivu lilikuwa limemganda mgongoni, limelowa lote. Kisha akanyoosha mguu mrefu kuliko yote, akakanyaga, na udongo ukamkubali. Alipovuka mawe Taban alimshika kiunoni kama anayemtoa mtu mtoni, wakaketi chini wote wawili. Mimi niliwafungulia chupa ya maji.

Mchezo haukuendelea. Mzee Lado alikunywa maji, akaniambia, "Dada, asante kwa viatu." Alijaribu kucheka akashindwa.

Jumapili Okello alinirudisha Nimule, na njia nzima nilikaa nimeinua miguu kutoka sakafuni mwa gari, jambo la kijinga, lakini ndivyo nilivyokaa. Jumanne nilikuwa Kitale, asubuhi ya baridi na ukungu, kila mtu na sweta yake.

Zamani nilidhani nguo ya kustarehe ni kitambaa, kipimo na hali ya hewa. Bado nauliza hayo kwanza. Kisha namuuliza mteja anaogopa nini. Wengi hucheka wakasema wanaogopa wake zao. Wachache huniambia kweli, na hao ndio ninaowakatia kitambaa polepole.