Nilivyosoma Darasa la Pili kwa Sauti ya Mwanangu

Cheka tu, lakini hapa Bariadi siku hizi shule ya mwanangu naizunguka kwa nyuma.

Mwalimu wa Minza, binti yangu wa darasa la pili, alituomba wazazi tukae na watoto kila jioni, wasome kwa sauti, tuwarekodi na kutuma kwenye grupu letu la simu. Minza alisoma polepole mno. Wenzetu wameshatuma, yeye bado anahangaika na neno "mbuzi". Uvumilivu ukaniishia. Nikajifungia kwenye chumba tulichojaza pamba, maana pamba inameza kelele, nikabana pua na kusoma mwenyewe kwa sauti ya kitoto. Nilikwamakwama makusudi ili waamini.

Mwalimu akasifu, nami nikanogewa. Kila jioni nikawa nakimbilia kwenye pamba hata kabla ya kula.

Siku ya kikao cha wazazi, mwalimu akaniita mbele. "Baba Minza, hebu waeleze wenzako siri yako." Nikatengeneza kola, nikahubiri kuhusu subira. Kina mama wakanipigia vigelegele na kunishukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, baba Minza!"

Ndipo mwalimu akaweka kwenye spika rekodi ya jana yake. "Minza" akasoma vizuri hadi mwisho. Kumbe nilichelewa kuzima. Ukasikika mlango ukigongwa, kisha sauti ya Minza mwenyewe:

"Baba, leo na mimi nisome?"

Halafu yangu, ile nzito ya kuswagia ng'ombe:

"Nenda kalale, utaniharibia sifa kwa mwalimu!"