Sauti ya Haboba Kwenye Drive D

Kila nikinusa vumbi linaloungua ndani ya kompyuta ya zamani, narudi kuwa na miaka kumi na moja, sebuleni kwetu mtaa wa Nyakuron, Juba, jenereta ya jirani inanguruma na mimi najua nimeharibu.

Kompyuta ilikuwa ya Mama. Alilelewa Nairobi, kwa hiyo tuliporudi Juba Kibari chake, lugha ya kwao, kilikuwa cha kuchekesha. Wauza mboga walimwonea huruma, wakamjibu kwa Kiarabu. Basi kila Jumapili tulivuka daraja hadi Gumbo kwa nyanya yangu, tuliyemwita Haboba, naye Mama akamrekodi kwa simu: salamu, majina ya wadudu, namna ya kumkaripia mtoto. Kuku walisikika humo, na kikohozi cha Haboba. Rekodi zote alizihamishia drive D. Haboba alipofariki, Mama hakuacha masomo yale ya Kibari. Kila jioni alikunja nguo akiirudia sauti ile, neno kwa neno.

Mimi nilikuwa mtu wa muvi za karate. Kwenye kibanda cha mtaani walikujazia muvi kwenye flashi, na flashi moja ilipita kompyuta za mtaa mzima bila kunawa mikono. Siku moja nilichomeka yangu, na folda zote za drive D zikageuka vijipicha vyenye mshale, ukibonyeza havifunguki. Mama alikuwa kazini, mapokezi ya hoteli moja huko Amarat. Niliwahi kumwona binamu yangu akitibu flashi kwa kuifomati, nami nikaifomati drive D. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika kabisa. Ikabaki nyeupe, tupu, na utupu ule ukanitisha zaidi, nikaijaza muvi hadi pomoni ili Mama asishuku.

Jioni Mama alilitafuta darasa lake, akalikosa. Kesho yake akaja fundi Mganda, akabofya weee, akakuna kichwa.

"Mama, hii virusi haifuti kitu, inaficha tu. Faili ilikuwa ndani, mzima. Mtu alifomati, halafu akajaza vitu juu yake. Kama angeacha tupu, mimi ningejaribu." Akanitazama. "Nani alifomati?"

"Ni mimi," Mama akasema.

Fundi alimweleza polepole, kama mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta, kwamba asirudie tena. Mama akaitikia sawa, asante. Mimi nilishusha pumzi. Nilijiambia labda kweli aligusa kitu kabla ya kwenda kazini, na nawakirieni, nilifurahi.

Nilikuwa mtu mzima nilipokumbuka kwamba Mama alishinda kwenye kompyuta ya mapokezi kila siku ya kazi, na kwamba hajawahi kutazama muvi ya karate maishani mwake. Hapo ndipo nilipoona haya, haya iliyochelewa miaka mingi.

Hakunichapa, hakuniuliza. Jioni ile alikaa na rundo la nguo, kisha akaanza kuyasema mwenyewe maneno ya Haboba aliyoyakumbuka, akaniambia nirudie. Alianza na somo la kumkaripia mtoto. Alilisema lote, taratibu, macho yake kwangu, na mimi nikalirudia neno kwa neno, nikidhani tunajifunza Kibari.