Nusu ya Waya wa Bibi

Juzi Jumapili nilivuta nyaya mbili uani kwangu hapa mtaani Kashaulili. Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza, "Mama, unaanika nguo za nani zote hizo?" Nikamwambia ni antena, redio ndiyo ugonjwa wangu wa kujitakia. Sikumwambia kwa nini waya mmoja niliukata ukawa nusu ya mwenzake.

Kama ulikulia makazi ya watu waliotoka Burundi, unaikumbuka ile saa ya jioni. Mihogo iliyolowekwa inanuka mpaka barabarani, maharage yanatokota, na wazee wameinamia redio wakisikiliza matangazo ya watu wanaotafuta ndugu zao. Bibi yangu alikuwa anamtafuta kaka yake. Waya wake ulitokea dirishani, ukapita juu ya jiko, ukaishia kwenye mpera. Kuugusa ilikuwa marufuku. "Nyie watoto, huo waya ndio sikio langu," alikuwa anasema.

Mimi na akili zangu nikaona sauti inaingilia dirishani, sasa ule upande wa mperani una kazi gani? Nikakata nusu, nikatengeneza gari la waya. Palipobaki wazi nikaunga kamba ya katani. Macho ya Bibi yalikuwa hafifu, hakugundua.

Wiki hiyohiyo redio ikataja kijiji walikotoka Bibi na kaka yake. Bibi akainua mkono, na mama akaacha kutwanga. Lilipofika jina la mtu ikaja mikwaruzo, shaaa, mpaka tangazo likaisha. Bibi akabaki ameishika redio mapajani. Kisha akasema taratibu, "Masikio yangu yamezeeka." Nilikuwa nimekaa palepale, gari langu miguuni, nikanyamaza. Hakuiwasha tena ile redio, baadaye akampa jirani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imefika mpaka leo.

Miaka yote nimejidanganya kwamba kile kipande hakikuwa na maana. Ndiyo maana Jumapili niliunganisha redio na kompyuta, nikarekodi kituo kimoja, dakika moja waya mrefu, dakika moja mfupi, kitufe cha sauti sijakigusa. Nikapima pale mtangazaji anapovuta pumzi, maana hapo mikwaruzo inabaki peke yake. Kwenye waya mrefu mstari wa mikwaruzo ulilala chini ya kioo cha kompyuta. Kwenye mfupi ulipanda ukakaribia kuifunika sauti. Nilirudia mara nne nikitafuta nafuu, sikuipata.

Mpera ulishakatwa. Bibi tumemzika hatua chache kutoka pale ulipokuwa, na siku hizi watu wanatafutana kwa simu. Huenda jina lile halikuwa la kaka yake. Huenda lilikuwa la huyo kaka, naye alikaa mahali akingoja jibu. Hilo kompyuta haiwezi kunipimia, na linaniuma.

Ninachojua ni kimoja, na aliyepaswa kuambiwa hayupo. Bibi, masikio yako yalikuwa mazima.