Filta ya Muriuki Haikuwa na Makosa

Apana, si hiyo plastiki iliua injini. Ni mimi. Mimi na huu mdomo wangu, na leo naisema mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndio niliharibu.

Mimi ni mwanamke mzee wa Thika, shule sikuiona hata kwa dirisha. Nauza kuku. Nachukua za kienyeji kwa wakulima wa Gatuanyaga, napelekea wenye hoteli za nyama choma kule Kamakis. Gari alininunulia msichana wangu, Wanja. Kijana wangu Kimani ndiye alikuwa anaendesha.

Na kitu kingine mnijue: mimi huiga watu. Pasta, chifu, mama wa nyanya, wote nawatoa vile wako. Watu hucheka mpaka wanashika ukuta. Woi, ingekuwa afadhali kama Mungu angeninyima!

Sasa, kulikuwa na mzee anaitwa Muriuki, mwenye duka ya spea. Alikuwa rafiki ya bwanangu. Bwanangu alipokufa, Muriuki akaweka benchi nje ya duka, akaniambia, hii ni yako, ukichoka ukuje uketi. Nikaketi hapo miaka mingi. Nilikuwa namwiga, na yeye ndiye anacheka kuliko wote.

Siku moja gari ikataka filta ya oili. Muriuki akaweka mbili kwa meza. Nikazipima kwa mkono vile napima kuku. Moja nzito, ingine nyepesi kama ya kuchezea.

"Hii nyepesi iko nini ndani?"

Muriuki huongea polepole kama mtu anatafuna githeri ya moto. "Sikiza nikuambie, Mama Wanja. Kwa hiyo nzito, ile kitu inashikilia karatasi ya kuchuja oili ndani ni chuma. Kwa hii nyepesi ni plastiki. Lakini wewe chukua nyepesi. Ni kama ile ilikuja na gari, na hiyo plastiki imetengenezwa ivumilie moto. Hiyo ya chuma naweka tu kwa sababu watu wanaiuliza. Mwenye aliitengeneza simjui."

"Plastiki kwa injini! Muriuki, si jagi yangu iliyeyuka nikiiweka tu karibu na jiko?"

Akacheka mpaka akafuta macho. Nikachukua nyepesi, na gari ikatembea vizuri, haina maneno.

Halafu kukakuja hiyo asubuhi. Tumetoka Gatuanyaga, kuku zimejaa nyuma, mwenye hoteli ananipigia simu bila kupumua: "Shosh, kwani wageni wangu watakula meza?" Nikaambia Kimani apitie njia ya mkato, ile ya mawe. Tukaskia kitu chini ya gari, ngwaa!

"Mathe, tumegonga jiwe."

"Endesha."

Tukikaribia Ruiru, taa nyekundu ikawaka. Kimani akasema, "Mathe, hii ni taa ya oili. Wacha nisimame."

Mnajua nilimjibu nini? "Iwake tu, kwani ni wewe unalipa stima?" Aki! Na nikacheka utani wangu mwenyewe!

Injini ikaanza kelele kama mtu anapiga sufuria na mwiko. Kamakis hatukufika. Ilizima, ikakataa kabisa.

Ikavutwa mpaka kwa fundi, hapo tu kando ya duka ya Muriuki. Wanja akapiga simu, na sauti yake ya ofisi: "Mami, nani ameua gari yangu? Nataka ukweli." Huyo mtoto alijinyima ndio anipatie hiyo gari, na mimi nimeiua na mzaha!

Fundi alikuwa ameshakata filta na msumeno aangalie ndani. Nikaona hiyo plastiki nyeusi. Mdomo ukakimbia mbele yangu: "Ni Muriuki! Aliniuzia filta ya plastiki!"

Nikimaliza simu, fundi akanivuta kando. "Shosh, ona. Hii plastiki haijavunjika, haijayeyuka. Karatasi ni nzima. Filta haina shida. Jiwe lilitoboa sampu, ile bakuli ya oili huko chini, oili yote ikamwagika, na nyinyi mkaendelea kuendesha."

Nikamwambia anyamaze. Kimani pia nikamnyamazisha. Ngai, nilikuwa najua! Hiyo dakika nilikuwa najua!

Lakini hapo ndipo utamu ulianza. Nikatia ile filta iliyokatwa kwa kiondo changu. Sokoni naitoa, chama ya wamama naitoa, hata nje ya kanisa. Halafu namtoa Muriuki, mzee wa watu, na vile huweka shingo upande akiongea: "Sikiza nikuambie, mama. Hii ni mali safi!" Watu wanaanguka. Sijawahi kuchekewa hivyo maisha yangu yote.

Muriuki akanikuta kwa benchi, watu wamejaa. Akaniuliza pole tu, "Mama Wanja, kulienda aje?" Nikamjibu na sauti yake mwenyewe: "Sikiza nikuambie, ni mali safi!"

Wote wakacheka. Yeye akaingia ndani.

Wenye teksi, ndio walikuwa wateja wake, wakahama, wakaenda kununua kwingine. Watoto wakimwona wanapiga nduru, "Mali safi!" Mwishowe akafunga duka, akarudi kwake Ruiru. Benchi aliiacha hapo nje. Mimi siwezi kuikalia.

Nyinyi wenye magari, taa nyekundu ikiwaka, simama, hata kama mwenye kuchelewa ni mama yako. Na wewe mwenye mdomo mtamu kama wangu, ogopa siku utadanganya na watu wafurahie. Kuambia Wanja ukweli nilimwambia, akalia, akanisamehe. Nikafikiri kumbe ni rahisi!

Nikabeba jogoo mmoja mkubwa, nikaenda Ruiru. Bibi yake akanifungulia mlango. Muriuki alikuwa ameketi na redio. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa naiga watu. Nikasikia mdomo wangu unaanza, "Sikiza nikuambie..." Sauti yake! Mbele yake! Nikajishika mdomo na mkono.

Akazima redio. "Mama Wanja, ulijua lini kama filta haikuwa na makosa?"

"Siku ile ile."

Jogoo akapiga mabawa, akatulia.

"Beba kuku yako uende. Hapa hauna mtu."