Mfungwa Mwenye Jina la Fundi Lifti

Watu walimwita Juu-Chini. Sababu ya kwanza ilikuwa kazi yake. Alikuwa fundi wa lifti, na sehemu kubwa ya utu uzima wake ilipita ndani ya mashimo marefu ya majengo, akipaka nyaya grisi na kubadilisha vitufe vilivyochoka kubonyezwa. Sababu ya pili ilikuwa tabia. Akikuahidi jambo, atafanya juu chini litimie, na likimshinda atakuja mwenyewe kukuambia, hata kama mvua inanyesha. Mke wake alikuwa akisema ameolewa na mwanamume asiyejua kusema uongo hata pale ambapo uongo kidogo ungeokoa jioni nzima.

Waliishi wawili pamoja na mama yake Juu-Chini, aliyekuwa na chumba chake upande wa nyuma, karibu na bomba. Mama alikuwa na watoto wawili tu wa kiume. Wa pili, kitinda mimba wake, ndiye aliyebaki na jina hilo hilo la Kitinda hata alipoota ndevu. Ndugu hao walifanana kama shilingi kwa ya pili, ila mdogo alikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kuondoka. Alikuwa ameondoka kitambo, na habari zake zilikuja kwa simu za mara moja moja: yuko salama, ana kazi, ana mke, atakuja.

Siku moja kampuni ya Juu-Chini ilipewa kazi ya kutunza lifti za jengo kubwa la serikali. Kwa kuwa jengo lenyewe lilikuwa na milango isiyofunguliwa kwa kila mtu, mafundi wote walitakiwa kupeleka cheti cha polisi kinachoonyesha kwamba hawajawahi kutiwa hatiani. Wenzake walilalamika kuhusu foleni. Juu-Chini hakulalamika, alivaa shati safi, akaenda.

Askari aliyemhudumia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alimchukua alama za vidole, kidole baada ya kidole, akamwomba asubiri kwenye benchi. Wengine waliokuja nyuma yake walihudumiwa wakaondoka. Mwishowe akaitwa ndani ya chumba kidogo, mlango ukafungwa, akaulizwa kwa upole alitoka gerezani lini.

Juu-Chini alicheka. Alidhani ni utani wa ofisini. Askari hakucheka. Alimgeuzia kompyuta akamwonyesha: majina yake yeye, yote matatu, namba ya kitambulisho chake, tarehe yake ya kuzaliwa. Mtu huyo alikuwa ameendesha lori kwa uzembe katika mji wa mbali, akamgonga mwendesha baiskeli na kumvunja mguu. Alikiri kosa, akafungwa, akamaliza kifungo chake.

"Alama za vidole si zako," askari alimwambia. "Hilo nimeshalithibitisha, nilitaka tu kusikia utakavyojibu. Jina ndilo lako. Uliwahi kupoteza kitambulisho?"

Aliwahi, miaka mingi nyuma, kikiwa pamoja na leseni yake ya udereva. Alitafuta kila mfuko, akapekua hata godoro, akaenda kuomba vingine. Kabla hajamaliza kueleza, askari akafungua picha ya mfungwa. Mtu aliyekuwa akimtazama kutoka kwenye kioo alikuwa na ndevu ambazo Juu-Chini hajawahi kuzifuga, na kovu dogo juu ya nyusi, alilolipata utotoni kwa kuruka ukuta wa jirani. Juu-Chini ndiye aliyembeba mgongoni siku ile, damu ikimchuruzikia shingoni.

Askari alimuuliza kama anamfahamu. Juu-Chini akaomba maji ya kunywa. Alikunywa polepole mpaka glasi ikaisha, na askari, ambaye bila shaka alikuwa ameshaona nyuso nyingi za namna hiyo, hakumharakisha. Alimweleza tu mambo yalivyo. Kutumia utambulisho wa mtu mwingine ni kosa la jinai, faini au kifungo au vyote viwili. Kuidanganya mahakama kwa jina lisilo lako ni kosa jingine juu yake. Na ajuaye halafu akaficha, naye hayuko salama. Faili sasa limefunguliwa, alisema, na halitajifunga lenyewe.

Nyumbani alimweleza mkewe jikoni, kwa sauti ya chini, bomba likiwa limefunguliwa ili mama asisikie. Mkewe alikasirika kwa namna yake, yaani alizidi kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Juu-Chini akasema damu ni nzito kuliko maji. Mkewe akamjibu kwamba ni nzito kweli, na kila siku anayebebeshwa ni yeye, mumewe.

Kufungua bomba hakukusaidia kitu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akasema wafunge hayo maji, yanamwagika bure. Kisha akaketi, akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Alijua kwamba Kitinda alifungwa. Rafiki mmoja wa kijana alimletea habari wakati ule. Yeye akaaga nyumbani kwamba anakwenda kumwona dada yake mgonjwa, akasafiri mpaka mji ule na mfuko wa nguo na sabuni. Akafika getini, akataja jina la mwanawe. Askari wa gereza akatafuta, akarudi akamwambia hakuna mfungwa wa jina hilo. Akamwomba atafute tena. Akatafuta tena.

"Nikalala kwenye benchi la stendi, nikarudi asubuhi, wakaniambia vilevile," mama alisema. "Nikajua amekufa, na kwamba wananificha. Nilikaa nalo hilo mpaka alipopiga simu, akaniambia alikuwa machimboni. Nikasema sawa, mwanangu, machimboni."

Hakulia. Alimalizia chai yake akaenda kulala. Juu-Chini alibaki ameketi. Kuhusu cheti na jengo la serikali angeweza kutafuta namna ya kuvumilia. Alishavumilia mengi ya mdogo wake. Ila picha ya mama yake getini, akiambiwa mwanawe hayupo wakati yumo ndani akijibu "naam" kwa jina la kaka yake, ilimkaa kifuani ikakataa kutoka.

Jumamosi ilipofika akasafiri. Mdogo wake alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha mbao, na nyumba haikuwa ngumu kupatikana, kwa sababu ya ajabu kidogo: alimuuliza mwenye duka, akamtajia sura na kazi, na mwenye duka akamtajia jina la Juu-Chini mwenyewe, lile la kwenye kitambulisho. "Unamtafuta fulani? Nyumba ile ya mlango wa bluu. Mmefanana sana, wewe ni kaka yake?" Juu-Chini akakubali kwamba ni kaka yake.

Aliyefungua ni mwanamke mchangamfu, mtoto kiunoni. Alimtazama, akatabasamu, akamkaribisha kwa jina la shemeji kabla hajajitambulisha, kisha akageuka akamwita mumewe kwa jina hilo hilo la kitambulisho. Juu-Chini karibu aitike.

Kitinda alitoka chumbani akasimama. Hakuuliza kaka yake amefuata nini. Walikwenda kukaa nyuma ya nyumba, juu ya mbao zilizopangwa, na huko akasema yote bila kubanwa. Alishindwa mtihani wa udereva, na kazi ya lori ilikuwa inamsubiri. Leseni ya kaka yake ilikuwa mezani, pamoja na kitambulisho. Alikusudia kuitumia kwa muda mfupi, mpaka apate yake. Halafu ikaja ajali, na pale kituo cha polisi akatoa kitambulisho alichokuwa nacho mfukoni. Baada ya hapo kila mlango aliopita ulimwandika kwa jina lile: mahakama, gereza, kiwanda, ndoa.

"Kila siku nilitaka kusema, kaka," alisema. "Na kila siku jina lilizidi kunikaa mwilini."

Juu-Chini alimsimulia habari ya mama getini. Alisimulia polepole, pamoja na benchi la stendi. Kitinda alifunika uso kwa viganja, na kaka yake hakumgusa wala hakuondoka.

"Sikuja kukuburuta," Juu-Chini alimwambia mwishoni. "Jumatatu nakwenda kusema ninachokijua. Nimekuja ili usikie kwangu kwanza. Ukitaka kukimbia, una kesho nzima."

Hakukimbia. Jumatatu alikuwa kwenye ngazi za kituo kabla ya kaka yake kufika, amenyoa ndevu. Mkewe alikuja naye. Yeye alikuwa ameambiwa usiku wa Jumamosi, na macho yake yalionyesha. Askari mwenye miwani ya kamba alipomweleza kwamba cheti chake cha ndoa kina jina na namba ya mtu mwingine, alimtazama Juu-Chini, akasema, "Kwa hiyo kwa karatasi, shemeji, mimi ni mke wako." Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka siku ile. Mke wa Juu-Chini, alipohadithiwa jioni, alisema hajawahi kusikia mke mwenza akiletwa na polisi.

Kesi haikuchukua muda mrefu, kwa kuwa mshtakiwa alikiri yote. Mwendesha mashtaka alitaka adhabu kali. Alisema sheria inaruhusu kifungo cha miaka kadhaa kwa kosa hili, na kwamba mtu akiruhusiwa kufungwa kwa jina la mwenzake, hukumu zote za nchi zitakuwa za kubahatisha. Aliitwa pia yule mwendesha baiskeli, mtu mzima anayechechemea. Alieleza kwamba alishamsamehe dereva zamani, akimtaja kwa jina katika sala zake, na sasa anaambiwa jina lenyewe lilikuwa la fundi lifti asiyemjua. Alionekana kuumizwa na hilo kuliko na mguu.

Kisha hakimu akamtaka Juu-Chini aseme, kwa kuwa ndiye aliyeibiwa. Alisimama akiwa ameshika kofia.

"Mheshimiwa, nataka jina langu lirudi likiwa safi," alisema. "Na huyu ni mdogo wangu. Yote mawili ni kweli, na mimi sijui namna ya kuyapanga. Ninawaachia ninyi."

Hakimu alimwambia Kitinda kwamba kujisalimisha kwake kumempunguzia, ila hakuwezi kufuta. Kifungo cha ajali kilishatumikiwa na mwili wake, kwa hiyo kitaandikwa kwa jina lake, na jina la kaka yake lifutwe katika kumbukumbu hizo. Kwa kosa la kutumia utambulisho wa mwingine na kuidanganya mahakama, atakwenda gerezani mwaka mmoja, kisha mwaka mwingine atafanya kazi za jamii chini ya uangalizi. Kitinda aliinamisha kichwa. Mama yake, aliyekaa mstari wa mbele, alimwita kwa jina lake halisi, si Kitinda, akamwambia asimame wima.

Mwaka huo mama alikwenda gerezani kila mwezi, akifuatana na mkwe wake mdogo na mjukuu. Mama na mkwe huyo walizoeana safarini hadi wakawa wanasengenyana na kupatana kama watu waliozaana. Juu-Chini alikwenda mara chache. Walizungumza zaidi habari za mtoto, na za mashine.

Kumbukumbu hazikusafishika kwa siku moja. Alirudi kwenye ile ofisi mara kadhaa, akisimama foleni na watu wengine, kabla ya cheti kutoka bila doa. Kazi ya jengo la serikali ilikuwa imeshapewa fundi mwingine. Alipata ya hospitali, akasema ni bora zaidi, maana huko lifti ikisimama kuna mtu anayehitaji kweli ifanye kazi.

Kitinda alipotoka alimwoa tena mkewe mbele ya msajili, mtoto akiwa ameshaanza kutembea na kuvuta kitambaa cha meza. Juu-Chini alisaini kama shahidi. Mke wa Juu-Chini hakuhudhuria. Anampenda mke wa shemeji yake na mtoto, huwatumia nguo na salamu, lakini Kitinda akija nyumbani humjibu salamu yake kisha hutafuta kazi ya kufanya chumba kingine. Juu-Chini hamlazimishi. Anasema sheria ilimaliza yake kwa muda iliopanga, na mkewe naye ana muda wake.